Kiti cha Bolti Mbili

Wahenga hawakuwa na ugomvi na mgema. Walilionja tembo lake, likawakolea, wakamsifu mpaka akavimba kichwa. Kesho yake wakaletewa kibuyu cha maji yenye harufu ya tembo. Hapo ndipo walipotuachia usemi kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maana yake ni kuwa sifa zikimlevya mtu, huanza kuiharibu kazi ile ile iliyomletea sifa. Wengi hudhani methali hii inawahusu wagema na wapishi peke yao. Mimi namjua fundi viti mmoja ambaye ilimpata barabara, tena mbele za watu.

Fundi huyo hakuwa mtu wa filamu. Alikuwa mtu wa spana, sponji na gundi. Yeye na mkewe walikuwa na karakana ndogo. Mke akishona vitambaa kwa cherehani, mume akijaza na kufunga viti. Ukumbi wa sinema wa mjini kwao ulipoandaa tamasha la filamu, viti vya safu ya sita vilikuwa vikiyumba, naye akaitwa kuvikaza. Saa nane mchana alikuwa amelala chali sakafuni, kichwa juu ya mfuko wa sponji, mara taa zikazimwa. Msimamizi wa ukumbi alikuwa amesahau kwamba kuna mtu kule chini.

Fundi akaguna. Afanyeje? Akaamua kungoja taa ziwashwe. Filamu ikaanza. Ilikuwa filamu ndogo, iliyotengenezwa na binti mmoja kwa kamera ya kuazima na waigizaji watano, bila kampuni yoyote nyuma yake. Iliitwa *Kikombe cha Pili*. Ilimhusu mama mtu mzima aliyeishi peke yake, ambaye kila jioni aliandaa vikombe viwili vya chai, akanywa kimoja, na cha pili akakiacha kipoe mezani. Kwa saa nzima na nusu mtazamaji hajui kikombe cha pili ni cha nani. Mwisho kabisa mlango unafunguliwa, na anayeingia ni... La, sisemi. Punde utajua kwa nini nimefunga mdomo.

Fundi aliitazama kwa kupenyeza macho katikati ya miguu ya viti. Mlango ulipofunguliwa, machozi yalimtiririka mpaka masikioni. Taa zikawashwa, na watu kumi na wawili waliokuwamo ukumbini wakamwona mtu mwenye vipande vya sponji nyweleni akichomoza chini ya viti. Mama mmoja akapiga yowe. Binti mwongozaji wa filamu alikuwa amesimama mbele na kipaza sauti, akingoja maswali yasiyokuja.

"Baba, hata wewe uliitazama?" akauliza.

"Niliitazama, mwanangu. Mlango ulipofunguliwa, nilisahau nina spana mkononi."

Basi. Hakuongeza neno, akarudi kukaza nati yake.

Maneno yale yalimwingia binti moyoni. Mwezi uliofuata yalichapishwa kwenye bango la filamu kwa herufi nyekundu: "Nilisahau nina spana mkononi." Watu wakalipenda bango, filamu ikaalikwa tamasha la pili katika mji wa mbali, na fundi akapigiwa simu aje. Akasafiri kwa basi kwa muda wa saa saba nzima. Alipotambulishwa, ukumbi ulimpigia makofi, akasema sentensi yake, akaongeza na ya pili. Katika tamasha la tatu alivishwa kitambulisho shingoni, kimeandikwa "Shabiki Namba Moja". Siku hiyo akasimulia maisha yake tangu utotoni. Kufikia tamasha la nne alikuwa amenunua kofia ya kisanii, na viti vya wateja vilikuwa vimerundikana karakanani hadi mlangoni.

Kile kitambulisho hakukivua hata wakati wa kula.

"Baba watoto, kitambulisho chako kinaingia kwenye mchuzi," mkewe alimwambia siku moja.

"Achana na mchuzi. Unajua bila mimi filamu ile ingekuwa wapi?"

"Ingekuwa pale pale kwenye skrini. Wewe ulikuwa chini ya kiti."

Fundi akanuna. Lakini mke alikuwa ameona mengine yaliyomtia wasiwasi zaidi. Ule ukumbi wa mjini kwao ulitaka viti vipya kumi na viwili vya safu ya mbele kwa ajili ya tamasha la mwaka wa pili. Kila kiti hufungwa sakafuni kwa bolti nne, mbili mbele na mbili nyuma, na fundi kwa miaka ishirini hakuwahi kupunguza hata moja. Safari hii basi la kwenda tamasha la tano lilikuwa liondoke saa sita. Viti kumi na kimoja akavifunga vizuri. Cha kumi na mbili, kilichokuwa pembeni mwa njia, akakitia bolti mbili za nyuma, akaanza kujipangusa mikono.

"Hicho mbona bolti mbili?" mkewe akauliza.

"Mbili zinatosha. Nyingine nitazitia nikirudi. Watu wananisubiri huko!"

Akazitumbukiza zile bolti mbili katika mfuko wa koti, akakimbilia basi. Aliporudi alikuwa na makofi masikioni, bolti hazikumjia akilini tena.

Siku chache kabla ya tamasha la mjini kwao, binti mwongozaji alifika karakanani. Alikuwa amekonda.

"Baba, safari hii kuna mgeni anakuja. Ni msambazaji wa filamu. Akiipenda, ataipeleka katika majumba ya sinema nchi nzima. Asipoipenda, basi tena. Miaka minne nimeihangaikia, na sina pengine pa kubisha hodi."

"Ataipenda. Mimi nitakuwepo."

"Ndilo nililojia. Naomba uwakaribishe watu kwa sentensi yako ile. Ile moja tu, baba. Na ule mwisho, tafadhali, usiuguse. Filamu yangu yote imesimama juu ya mlango ule."

"Mwanangu, unamwambia nani? Ondoa shaka!"

Mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani, alikohoa.

Siku ikafika. Saa kumi alasiri ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Mgeni, mtu wa kimo na kitambi, mwenye miwani na tabasamu la upole, alichagua kiti cha pembeni mwa njia ili apate kunyoosha miguu. Fundi akapanda jukwaani na koti lake, kofia yake, kitambulisho chake na karatasi tatu zilizojaa maandishi mbele na nyuma.

Akaanza na spana. Akaenda kwenye bango. Akahamia kwenye mabasi aliyopanda. Dakika kumi zikapita. Binti alimpungia mkono ashuke, yeye naye akampungia kwa furaha. Watu wakapiga makofi ya kumwomba amalize, akayasikia kama ya kumwomba aendelee. Mungu wangu! Mtu akishalewa sifa, hata kuzomewa huona ni kushangiliwa.

"Ndugu zangu," akapaza sauti, "najua mnajiuliza kikombe cha pili ni cha nani. Mimi, Shabiki Namba Moja, filamu hii nimeitazama mara kumi na nne. Kwa nini niwafiche? Mlango ule ukifunguliwa, anayeingia ni—"

Binti alifumba macho. Wakati huo huo mgeni, aliyekwisha kuchoka na hotuba, alijinyoosha na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote.

Kraa!

Kiti kilinyanyuka mbele, kikapinduka taratibu kwa nyuma, na msambazaji wa filamu akabaki chali, viatu vikitazama dari na miwani ikiwa kwenye paji la uso. Ukumbi mzima ulisimama.

Fundi aliruka kutoka jukwaani, karatasi zikatawanyika. Alipokitazama kiti, aliona matundu mawili matupu sakafuni. Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, ukakutana na bolti mbili za baridi. Aibu ikamshika, akatamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusingizia sakafu, au msimamizi wa ukumbi. Lakini ule ulevi wa mwaka mzima ulikuwa umemtoka mara moja.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema huku akimwinua mgeni. "Kiti hiki nilikifunga mimi. Bolti zake ninazo hapa mfukoni. Umeumia?"

Mgeni alijipapasa, akarekebisha miwani. "Masikio tu," akajibu, "tena yalianza kuuma kabla sijaanguka."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mgeni mwenyewe alicheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Haya, ulikuwa unasema anayeingia ni nani?"

Kicheko kikakatika. Binti akashika kichwa. Fundi alimtazama yule binti aliyekonda, akazitazama bolti kiganjani mwake.

"Nimesahau, mzee wangu," akasema. "Nina kazi mkononi."

Mkewe, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, tayari alikuwa amefika, akafungua mkoba na kutoa spana. Alimjua mumewe, hakuwa amekuja mikono mitupu. Fundi akavua kofia, akavua kitambulisho, akampa mkewe, kisha akalala chali sakafuni. Mgeni akaketi upya. Taa zikazimwa fundi akiwa bado chini, akikaza bolti ya nne kwa kupapasa.

Hakutoka. Aliitazama filamu kwa mara ya kumi na tano, kupitia miguu ya viti, na ndipo alipogundua kwamba tangu ile mara ya kwanza hakuwa ameitazama tena. Alikuwa akingoja tu iishe ili apande jukwaani. Mlango ulipofunguliwa, machozi yakamtiririka tena mpaka masikioni. Mara kile kiti kikaanza kutetemeka juu yake. Akazipapasa bolti haraka, moja hadi ya nne. Zilikuwa imara. Aliyekuwa akitetemeka ni mgeni, akilia.

Taa zilipowashwa, mgeni alimfuata binti moja kwa moja, akamshika mikono yote miwili. "Naichukua," akasema. Binti aliketi pale pale kwenye ngazi za jukwaa, akashusha pumzi ndefu, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamtafuta fundi kwa macho.

"Baba, njoo useme neno!"

"Hapana, mwanangu," sauti ikatoka chini ya safu ya mbele. "Nimebakiza viti kumi na kimoja vya kukagua."

Siku hizi filamu ile inaonyeshwa kila mji, na fundi hukata tiketi na kuketi nyuma kimya. Wateja wake wamerudi. Kitambulisho kile kinaning'inia karakanani, mkewe hukitumia kuchomekea sindano. Na juu ya mlango, kwa mwandiko wa mkewe, pana maneno ya chaki ambayo fundi huyasoma kila asubuhi kabla ya kushika spana: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.