Mwiko wa Kapita Faustin

Kushinda hakuhitaji mwalimu. Hata kuku akimpokonya mwenzake punje ya mahindi hukimbia nayo kifua mbele, na hakuna aliyemfundisha. Kushindwa ndiko kunakotaka mafunzo. Mtu aingiaye uwanjani akiwa ameapa kwamba hatashindwa, huyo hakuja kushindana bali kuvishwa taji. Wahenga waliliona hilo mapema wakasema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kama kuna mtu aliyechelewa kuielewa methali hiyo katika Katuba nzima, pale Lubumbashi, basi ni Faustin, na mambo yake yalikuwa hivi.

Faustin alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mtu wa miraba minne, mwenye kifua ambacho shati la dukani halikukiweza. Kila Jumamosi alfajiri, baridi ikiuma masikio, alipuliza filimbi nje ya kanisa la parokia yao, na wanachama wa Wababa wa Mtakatifu Yosefu wakatoka majumbani wakipiga miayo. Chama hicho kilianzishwa na padri wao, Abbé Liévin. Yeye husema kwamba mwanamume Mkristo ni chungu juu ya mafiga matatu: mwili, akili na roho, na figa moja likitoka, mchuzi wote chini. Kwa hiyo wababa walianza kwa kukimbia mitaani. Kisha walikaa darasani kujadili jambo la maisha, kama vile malezi ya watoto au namna ya kuitawala hasira, na mwishowe walisali. Katika kukimbia, Faustin alikuwa wa kwanza. Katika kusali, sauti yake ilifika barabarani. Siku ya somo la hasira alisinzia.

Sasa, parokia ilikuwa na desturi yake. Kila mwaka, Jumamosi ya sikukuu, wababa wa Katuba walishindana kuvuta kamba na wababa wa Annexe, wakulima wa pembezoni mwa jiji. Timu iliyoshindwa ndiyo iliyopika bukari, yaani ugali, ya umati mzima. Wababa wenyewe, jamani, si wake zao! Kapita wa walioshindwa, yaani kiongozi wao, alishika mwiko mrefu kama mpini wa jembe akasonga bukari mbele ya watu wote, huku watoto wakimwimbia na kina mama wakimkosoa: mara unga umezidi, mara mabonge. Ilikuwa aibu tamu, na wengi waliingojea kuliko mchezo wenyewe. Katuba ilikuwa imeshindwa miaka mitatu mfululizo, na miaka yote mitatu, mwiko ulipomtafuta mwenyewe, Faustin alikuwa ameshaingia mitini. Wenzake walipika bila kapita.

Kibaya zaidi, kapita wa Annexe alikuwa shemeji yake. Aliitwa Mwenya, kaka wa mkewe Constance, mkulima wa mahindi, mwembamba, mcheshi asiyejua kununa. Mwaka uliopita, Faustin alipobwagwa chini, aliinuka na vumbi kichwani akapaza sauti kwamba watu wa Annexe walikuja usiku kuchimba vishimo vya kukazia miguu upande wao.

"Hawa ni bezi!" alisema, akiwaita wezi mbele ya parokia nzima. "Na Mwenya ndiye mukubwa wa bezi!"

Wiki mbili baadaye Mwenya alikuja na mfuko wa viazi vitamu begani ili wapatane. Faustin alijifungia chumbani kama mwenye homa. Mwenya aliacha viazi mlangoni, akamwamkia dada yake, akaondoka. Mwaka mzima ukapita shemeji na shemeji hawasemezani.

Katika mwaka huohuo Constance alijifungua binti, Syntiche, baada ya miaka sita ya kungoja. Mama yake Constance, siku chache kabla ya kufariki, alikuwa ameomba jambo moja tu: mtoto huyo akija, Mwenya awe baba yake wa ubatizo. Ubatizo ulipangwa Jumapili, kesho yake ya mashindano ya kamba.

"Baba Syntiche," Constance alianza, wiki moja kabla, "Abbé anangojea jina ya baba wa ubatizo. Mwisho ni Jumamosi mangaribi. Nimuandikishe kaka yangu?"

"Mwenya atashika mutoto wangu siku nitamushinda," Faustin alijibu. "Nikimushinda, nitamusamehe."

"Utamusamehe nini? Si wewe ulimutukana?"

"Na nikishindwa, tutatafuta muntu mwingine. Nimemaliza."

Constance alimfunga mtoto mgongoni akatoka uani, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alikuwa amemwahidi mama yake, na mama yake alikuwa kaburini. Faustin alimwona, na moyo ukamchoma, lakini badala ya kumfuata alichukua filimbi yake akaenda kuwaita wababa mazoezini.

Huko alikuwa na jambo jipya. "Ndugu zangu," aliwatangazia, "miaka tatu tunakosa nini? Mwili tuko nao. Akili tuko nayo. Tunakosa nguvu ya roho! Kuanzia Alhamisi asubuhi tunafunga. Siku tatu, maji tu."

Paulin, dereva wa basi dogo, mwenye tumbo la kuheshimika, aliinua mkono. "Kapita, kufunga ni muzuri sana. Lakini kamba inavutwa na bukari."

"Paulin, imani yako iko kidogo."

"Imani iko mingi, kapita. Ni tumbo ndiyo iko kubwa."

Walicheka, lakini walimtii, kwa maana walimpenda. Wakafunga. Wake zao walistaajabu kuona sahani zinarudi jikoni zimejaa. Ijumaa mchana Paulin alikutwa nyuma ya basi lake na ndizi mdomoni, akajitetea kwamba alikuwa akiionja tu kama imeiva. Faustin mwenyewe hakuonja hata chumvi. Alipiga magoti usiku na asubuhi, akimwomba Mungu ampe ushindi. Na katika sala zote hizo, ndefu kama njia ya reli, hakutaja hata mara moja jina la shemeji yake.

Jumamosi ikafika. Uwanja wa parokia ulifurika watu, ngoma na vumbi jekundu. Harufu ya samaki wa kukaanga ilizunguka uwanja na kuwatesa wababa kumi wa Katuba waliojipanga kwenye kamba wakimeza mate. Upande wa pili watu wa Annexe walikuwa wameshiba, midomo inang'aa mafuta. Katikati ya kamba kilifungwa kitambaa chekundu, na chini yake, pande zote mbili, ilichorwa mistari ya chokaa. Timu itakayovuta kitambaa hadi kipite mstari wake mara mbili ndiyo mshindi. Mwamuzi alikuwa Mama Marie-Thérèse, mkubwa wa kina mama wa parokia, mwanamke asiyetaniwa hovyo.

Filimbi ilipolia, Katuba walivuta kwa wazimu wa njaa. Annexe hawakutegemea. Kabla hawajakaza miguu, kitambaa kilikuwa kimepita upande wa Katuba!

"Muliona?" Faustin alirukaruka. "Muliona nguvu ya kufunga?"

Abbé Liévin, aliyesimama karibu, aligeuka. "Kufunga gani?"

"Siku tatu, Abbé, maji tu. Ili Mungu atusaidie kuvuta."

Padri alimtazama, akajizuia kucheka, akashindwa. "Faustin, unataka kumufanya Mungu muntu wa kumi na moja kwenye kamba yako. Na bale ba Annexe, beko batoto ba nani?"

Faustin alirudi kwenye kamba. Mzunguko wa pili ulianza, na huo sitausimulia kwa urefu, kwani haukuwa na urefu. Magoti ya Katuba yalilegea kama muhogo uliopitiliza motoni. Paulin aliketi chini kwanza, wengine wakamfuata. Sasa ilikuwa sare, moja kwa moja.

Ukabaki mzunguko wa tatu. Faustin alijizungushia mwisho wa kamba kiunoni. Pembeni alimwona Constance na Syntiche mgongoni, macho yake yakitoka kwa mumewe kwenda kwa kaka yake, hajui amwombee nani. Filimbi ikalia. Safari hii walivuta wanaume kweli. Kamba ilisimama imekakamaa, kitambaa kikitetemeka mahali pamoja, jasho likitiririka, ngoma zikanyamaza zenyewe. Kikasogea kwa Katuba kidogo. Kikarudi. Mara Annexe wakavuta kwa pamoja, miguu ikachimba ardhi, vumbi likapanda kama ukuta, na wanaume ishirini wakaanguka wote, huku na huku, lundo moja. Filimbi ikalia katikati ya vumbi hilo.

Lilipotulia, kitambaa kilikuwa kimelala katikati, kati ya mistari miwili, kwa kuwa wote walikuwa wameachia kamba. Mama Marie-Thérèse alijifuta macho.

"Mimi sikuona," alisema wazi. "Vumbi ilinifunga macho. Kanuni iko: mwamuzi asipoona, bakapita ndio banasema. Bakipatana, imekwisha. Bakikatalana, tunapumuzika kwanza, tunavuta tena. Mwenya, kitambaa ilipita mustari yenu ao haikupita?"

Mwenya alikuwa bado amekaa chini. Alimtazama shemeji yake ambaye hakuwa amemtazama mwaka mzima. "Mimi nilianguka kwa mugongo, niliona mawingu tu," alisema. "Faustin alikuwa anatazama. Asemacho yeye, nakikubali."

Watu wote wakamgeukia Faustin.

Naye aliona. Aliona vizuri kuliko alivyotaka kuona: kitambaa kilipita mstari wa Annexe kwa kiasi cha shibiri nzima kabla ya filimbi. Hakuna mwingine aliyeona. Neno moja tu, "haikupita," na wangevuta tena. Wenzake wangepumzika, pengine wangekunywa uji, na shemeji angeshindwa, na mambo yote yangekuwa kama alivyopanga. Alikuwa ameizoeza mikono yake kubeba chuma, amekizoeza kifua kukimbia na magoti kusali, lakini hakuwahi hata siku moja kuuzoeza ulimi wake kusema neno alilodaiwa sasa. Alimtazama Mwenya. Mtu aliyemwita mwizi mbele ya parokia alikuwa ameweka ushindi wake mikononi mwake, tena kwa uso mkunjufu. Aibu ilimpanda Faustin hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alisali bila kuomba ushindi. Alisema tu moyoni: Bwana, nisaidie.

"Ilipita," alisema.

"Sema kwa nguvu, kapita!" Mama Marie-Thérèse alimwamuru.

"Ilipita! Niliona na macho yangu. Balitushinda." Akavuta pumzi. "Na mwaka jana pia balitushinda. Hapakuwa vishimo. Mwenya, nilikuita mwizi mbele ya bantu. Mbele ya bantu hawahawa, nakuomba unisamehe."

Kisha kigelegele kimoja kikali kikapasua hewa, nacho kilitoka kwa Constance. Uwanja mzima ukamfuata. Mwenya aliruka kamba akamkumbatia shemeji yake, na yule mwembamba akamwinua yule mnene hatua nzima kutoka ardhini, jambo ambalo watu wa Katuba hadi leo wanabishana kama liliwezekana.

"Nilikusamehe zamani, shemeki," Mwenya alimwambia. "Nilikuwa nangojea tu ufungue mulango."

Faustin alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi akageuka. "Mwiko iko wapi?"

Hapo ndipo watoto walipopagawa. Walikuwa hawajawahi kumwona Faustin na mwiko! Walimzunguka wakimwimbia, na fundi wa milango ya chuma akasonga bukari ya watu mia mbili, njaa ya siku tatu ikimfanya aone nyota. Mabonge yalikuwa makubwa kama ngumi. Mama Marie-Thérèse alionja, akafumba macho, akasema kwamba Mungu ni mwenye huruma. Mwenya alikuja kushika chungu kisiyumbe, na alipoambiwa kwamba mshindi hapiki, alijibu kwamba yeye hapiki, anashika tu.

"Mwenya," Faustin alimwambia bila kuacha kusonga, "kesho uvae shati muzuri. Utakuja kushika mutoto."

"Si ulisema mpaka siku utanishinda?"

"Nilisema upumbafu. Constance akuandikishe leo, kabla ya mangaribi."

Mwenya aliinamia chungu akijifanya moshi umemwingia machoni.

Kesho yake asubuhi kanisa lilijaa hadi mlangoni. Mwenya alisimama mbele na Syntiche mikononi, shati limenyooka. Abbé Liévin aliuliza nani atakayekuwa baba wa ubatizo wa mtoto huyu, na kabla Mwenya hajafungua kinywa, Faustin alijibu kwa ile sauti yake ifikayo barabarani:

"Ni mujomba yake, Abbé! Ni Mwenya, ule alitushinda jana!"

Kanisa zima liliangua kicheko, padri naye akacheka na maji ya baraka mkononi, na Constance akacheka huku akilia, kwa kuwa ahadi aliyompa mama yake ilikuwa imetimia. Paulin alimnong'oneza jirani yake kwamba Katuba wamevuta kamba miaka minne, na jana ndipo walipopata kapita. Alisema kweli, kwa maana asiyekubali kushindwa si mshindani.