Siku Minana Walipoondoa Vibao

Hapo kale, na msidhani nawatania, minana walikuwa ndege wakimya. Ungeweza kufika chini ya mgunga wao pale bwawani, ukateka maji yako, ukajitwika ndoo na kuondoka bila kujua kwamba juu ya kichwa chako pana mji mzima. Hawakuwa na sababu ya kupiga kelele. Kila nyumba ilikuwa na kibao mlangoni, na kibao ndicho kilichosema kwa niaba ya mwenyewe.

Nasema vibao, lakini havikuwa vya mbao. Mkunga alining'iniza ganda la yai, hivyo aliyeshikwa na uchungu hakuhitaji kuuliza njia. Muuza mtama alitundika suke. Hata asiye na biashara alikuwa na chake: huyu ua la porini, yule unyoya wa kanga, mwingine kipande cha gamba la konokono, almradi mgeni ajue amefika kwa nani. Na milango wakati ule ilitazama mbele kama milango yetu, si chini kama mnavyoiona leo.

Katika mji huo aliishi fundi aitwaye Shaweji. Kazi yake ilikuwa kusuka nyumba mpya na kuziba za wenzake zilizotoboka, na kwa kusuka, tumpe haki yake, hakuwa na mpinzani. Fundo lake likikaza limekaza. Mvua ya masika ilipiga mpaka ikachoka yenyewe. Mlangoni kwake hakutundika kitu. Alizungushia kizingiti ukindu tu, msuko mwembamba wa mkono wake mwenyewe, basi. Walipomuuliza mbona haweki alama ya ufundi wake, alijibu, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Kisha akacheka, maana siku hizo bado alikuwa na kicheko.

Mkewe aliitwa Siwema. Desturi ya minana, ambayo haijabadilika mpaka leo, ni kwamba masika yakikaribia mke huchagua nyumba upya. Huingia, huvuta nyasi kupima kama mafundo yameshika. Akiridhika hutaga, asiporidhika huaga na kwenda kwingine, wala hakuna wa kumshtaki. Siwema alikuwa amemchagua Shaweji kila masika tangu usichana wake. Naye Shaweji alimpenda mno, na kwa kumpenda mno akawa anayafuata macho yake: yametazama wapi, yametazama nini, na mbona yamekawia kurudi.

Ndipo akahamia Kibwana, tawi la kuelekeana na lao. Naye alikuwa fundi wa kusuka. Ufundi wake ulikuwa wa kawaida, nyumba zake zilivuja kidogo pembeni, lakini alikuwa mchangamfu, mwenye salamu ndefu. Siku aliyomaliza kujenga alitunga mbegu za mturituri kwenye uzi wa katani, zile nyekundu zenye doa jeusi, akazitundika mlangoni. Jua la asubuhi lilipozipiga, mji wote ulitoka kutazama.

"Zinapendeza," Siwema akasema. Alisema neno hilo moja tu akaendelea kuchambua manyoya yake. Lakini neno lilimwingia Shaweji likakataa kutoka.

Kuanzia hapo hakula akashiba. Wateja walianza kwenda kwa Kibwana, na hilo angelivumilia, kwa kuwa wengi walirudi kwake nyumba zikivuja. Asizoweza kuzivumilia ni zile mbegu. Akiamka, zinamwangalia. Akirudi na nyasi mdomoni, zinamwangalia. Siwema akikaa mlangoni kuota jua, Shaweji husogea akakaa mbele yake amzibie, na Siwema humwambia, "Sogea kando kidogo, bwana, unanikinga jua." Jua! Shaweji alijua ni jua gani.

Akaenda kutafuta la kumshinda. Akaleta gamba la nyoka alilolivua nyoka mwenyewe kwenye kichuguu, akalitandaza mlangoni kwake likapepea. Watoto wa jirani walilia wakakataa kupita. Kibwana akavuka kutoka tawi lake kuja kumpongeza. "Fundi, hili ni kiboko! Umetuacha mbali." Alisema kwa moyo mweupe, na hicho ndicho kilichomuumiza Shaweji zaidi. Mtu akikuonea gere unajua pa kumshika. Asiyekuonea gere utamfanya nini?

Ugonjwa huo unaambukiza. Muuza mtama alipoona gamba la nyoka akaongeza masuke, kutoka moja hadi fungu zima. Mwenye unyoya wa kanga akatafuta wa tausi. Wengine wakatundika maganda ya konokono, mabua, vipande vya utando wa buibui. Matawi yakainama. Kibao cha mmoja kikaziba mlango wa mwingine, na asubuhi hazikupita bila majirani kurushiana maneno.

Shaweji akaona hapo pana njia. Akaenda kwa Pazi, mkuu wa mji, mzee aliyekuwa na bawa moja bovu na subira nyingi, akamwambia, "Mkuu, vibao hivi vinametameta. Mwewe atatuona kutoka mbali. Hasa vyekundu." Ukweli ni kwamba mwewe alikuwa hajaonekana pale bwawani tangu kiangazi kiingie, na Shaweji alijua hivyo. Hasidi hana sababu, akiikosa, huitunga.

Pazi akaitisha baraza. Penye wengi pana mengi, na siku hiyo yalisemwa yote.

Bi Tunu, mkunga, alianza kabla hajapewa nafasi. "Ganda langu halitoki. Mtu ana uchungu, aanze kupita mlango kwa mlango akiuliza mkunga anakaa wapi? Mtazalia matawini nyie!"

Mzee Songoro, mwenye ua la porini, akasema, "Nyumba yangu, mlango wangu. Leo mnanikataza ua, kesho mtanikataza kulala chali."

Mama mmoja jirani wa Kibwana akalalamika kwamba mbegu zile zinawamulika wanawe machoni hawalali mchana. Muuza mtama akataka wenye biashara waachiwe, ila wenye nyumba tu waondoe mapambo yao, kwa kuwa yanamfichia suke. Wenye nyumba wakajibu kwamba wao walikuwako kabla ya biashara yake, aondoe yeye. Ukiwasikiliza vizuri, kila mmoja aliona kibao cha mwenzake ndicho kikubwa.

Pazi akawaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akatoa shauri la kiutu uzima. Kila mlango ubaki na kitu kimoja, kisichozidi ukubwa wa mbegu, na kisizibe mlango wa jirani. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata Bi Tunu alikubali kuvunja ganda lake abaki na kipande.

"Mimi sina neno," Kibwana akasema. "Nitabakiza mbegu moja."

Mambo yangeishia hapo, na sisi leo tungekuwa tunalala mpaka jua litoke. Lakini Shaweji aliiona ile mbegu moja. Aliiona mlangoni peke yake, nyekundu katikati ya nyasi mbichi, nzuri kuliko zilivyokuwa nyingi, na aliliona jicho la Siwema likienda kutua juu yake. Akasimama.

"Mbegu moja mwewe haioni?" akauliza. "Wenye watoto wachanga nisaidieni. Kama ni usalama, uwe usalama. Vitoke vyote! Na nyumba zifanane: nyasi za aina moja, msuko mmoja, na milango itazame chini, ili mwewe akipita asijue pa kuanzia."

Neno mwewe likisemwa mara nyingi huota mbawa. Akina mama wakawakumbatia watoto, na waliokuwa wamekubali shauri la Pazi wakaligeuka. Walioafiki waliinua bawa la kulia, na mabawa yalikuwa mengi. Bi Tunu hakuinua. Siwema naye hakuinua.

Waliporudi nyumbani Siwema akamuuliza mumewe, "Na ukindu wa kizingitini?"

"Nao unatoka. Sheria ni sheria."

"Ule ndio ninaoutafuta kila nikirudi," Siwema akasema. "Nikiuona tu, najua nimefika."

Maneno hayo Shaweji hakuyasikia. Alikuwa anatazama tawi la pili, ambako Kibwana alikuwa akizivua mbegu zake kutoka kwenye uzi, moja baada ya nyingine, na kuziachia zianguke majini. Shaweji alifurahi kwa furaha ambayo sijui niiite nini. Akaung'oa ukindu wake bila hata kuutazama, akautupa.

Mji ukajengwa upya kabla ya mvua. Nyumba zote zikawa vibuyu vya nyasi vinavyoning'inia, mlango chini, hii sawa na ile. Shaweji aliijenga yake kwenye ncha ya tawi na kuikaza kuliko zote, lakini kwa nje nani angejua? Asubuhi ya siku ya kutaga, wake walitoka pamoja kwenda kula mashambani, washibe kabla ya kulalia mayai.

Jioni walirudi na upepo wa mvua nyuma yao, na hapo ndipo sheria ilipoonekana ilivyo. Hawakujua pa kuingia. Huyu aliingia kwa shemeji yake akatoka mbio kwa aibu. Yule alizunguka mti mpaka mbawa zikamlegea. Aliyekuwa na uchungu alimtafuta Bi Tunu asimpate. Waume wote walikuwa wametulia ndani ya nyumba zao kama walivyozoea, kila mmoja akisema moyoni kwamba mke wake hawezi kumpotea.

Kibwana peke yake ndiye aliyetoka. Hakuwa na mke wa kumngoja, na aliwaonea huruma. Alijining'iniza chini ya mlango wake, miguu juu, akapigapiga mabawa waone kuna mtu, akawa anaita, "Hapa kwa Kibwana! Unatafuta kwa nani, dada? Njoo nikuelekeze!" Akawaelekeza wengi.

Shaweji alichungulia, akamwona Siwema anamwendea Kibwana. Akaona vichwa vyao viwili vimekaribiana. Akamwona Siwema ameshika nyasi za mlango wa Kibwana kwa kucha, ameng'ang'ania. Alizishika ili upepo usimpeperushe, lakini Shaweji hakuuona upepo. Aliona mke anapima nyumba.

Macho yakamwingia giza. "Kama haitaki, basi isiwepo!" akasema, akaigeukia nyumba yake mwenyewe. Yale mafundo yaliyoshinda mvua yalimjua aliyeyafunga; aliyafungua moja moja, akararua kuta, akakata shina lililoishikilia tawini, mpaka kibuyu kizima kikaanguka majini na yeye akabaki kwenye tawi tupu, unyasi mdomoni, akihema.

Ndipo Siwema akatua mbele yake, amelowa, amechoka. "Afadhali nimekupata. Kibwana kanielekeza. Kasema nyumba ya mwisho, kwenye ncha ya tawi." Akatazama ncha ya tawi. Akatazama chini. "Iko wapi?"

Shaweji akafungua mdomo, na ule unyasi ukaanguka.

"Shaweji, nyumba yangu iko wapi?"

Angesema nini? Kwamba mwewe kaichukua? Mvua ikaanza kudondoka. Siwema alimngoja kidogo, maana alimpenda, lakini yai halimngoji mtu. Akageuka akarudi alikotoka. Katika mji mzima alikuwa anaujua mlango mmoja tu, na Shaweji ndiye aliyehakikisha hivyo.

Mvua ilipokatika asubuhi, Shaweji alichuma nyasi mbichi akasuka nyumba nyingine mahali palepale. Alipomaliza alijitundika chini ya mlango, miguu juu, akapiga mabawa, akaanza kupaza sauti. "Hapa kwa Shaweji! Kwa Shaweji ni hapa!" Yeye, fundi asiyejitembeza. Wenzake wakamtazama, kisha wakatazamana. Kila mmoja akamfikiria mke wake, na kila mmoja akamfikiria jirani. Wa kwanza akatoka akajitundika. Wa pili akasema mbona huyu anasikika kuliko mimi, akapaza zaidi. Wa tatu akawapita wote wawili. Siwema alitoa kichwa kwenye mlango wa Kibwana akasikiliza, akageuza shingo huku na huku, lakini kufikia hapo mji wote ulikuwa unapiga ukelele, na kila mmoja alikuwa anasema ni hapa.

Na tangu siku hiyo minana hawana vibao, milango yao hutazama chini, na dume huning'inia mlangoni mwake kutwa nzima akipiga mabawa na kujitaja jina, kwa hofu kwamba wa jirani anatajwa zaidi. Na mkimwona mmoja anairarua nyumba mbichi aliyoisuka jana, nyasi bado kijani, msidhani kaona mwewe. Kamwona jirani.