Chaki Nyekundu ya Gwakisa

Palikuwa na mzee mmoja, jina lake Kibona, mwenye gereji ya matairi kando ya barabara kuu, katika mji wa mwisho kabla ya nchi kuanza kuinuka kuelekea mlimani. Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati na sakafu ya saruji iliyokunywa oili miaka mingi. Hata hivyo madereva waliiamini kuliko gereji zilizokuwa na vibao vya kung'aa, na sababu ilikuwa sheria moja tu ambayo Mzee Kibona aliishika kama watu wengine wanavyoshika mfungo. Gurudumu lililofungwa na mtu mmoja halikutoka pale bila kupita kwenye mkono wa mtu wa pili.

Kazi ilikwenda hivi. Fundi wa kwanza alizivalisha nati kwa vidole. Kisha alizishika kwa spana gari likiwa bado juu ya jeki. Hakutoka nati moja akaenda kwa jirani yake, bali aliruka hadi ile inayoitazama kutoka upande wa pili, kidogo kidogo, ili gurudumu likae sawa pande zote. Mwisho gari liliteremshwa, na ndipo nati zikakazwa kwa nguvu yote, maana gurudumu linaloning'inia hewani bado halijaujua uzito. Hiyo ndiyo waliyoiita raundi ya tatu. Baada yake fundi alichora kwa chaki mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikilegea, mstari unakatika, na hata asiyejua kusoma anauona. Kisha mkono wa pili ulikuja na spana yake, ukaijaribu kila nati, ukachora mstari mwekundu kando ya ule mweupe. Mweupe peke yake haukuwa ruhusa ya kuondoka.

Chaki nyekundu ilikaa mfukoni mwa Gwakisa.

Gwakisa alikuwa na Mzee Kibona tangu banda lilipokuwa turubai na miti minne. Miaka kumi na miwili. Mabati yale aliyapigilia yeye. Mgongo wake uliujua uzito wa kila aina ya gurudumu, na hakuna aliyewahi kurudi pale kulalamika kwamba Gwakisa alimfungia vibaya. Mzee alipoanza kutetemeka mikono, alimkabidhi chaki nyekundu bila hotuba, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Kwa miaka kadhaa Gwakisa aliibeba kwa fahari.

Ndipo akaja Tuntufye, mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye mke na watoto wawili na ulimi laini. Tuntufye alipewa chaki nyeupe. Huyu alikuwa na desturi yake ndogo. Kila alipomaliza gurudumu, alimpa dereva spana mkononi na kumwonyesha namna ya kuvuka kutoka nati hadi nati, kisha akamwambia, "Ukifika kijiji cha mwisho kabla ya mlima, simama, uzijaribu tena. Chuma kipya kwenye kazi hukaa kwanza, ndipo kitulie." Madereva walicheka, lakini walisimama. Baada ya mwaka mmoja wakawa wanafika gerejini na kuuliza kabla hata ya salamu kuisha, "Tuntufye yupo?"

Roho ilimuuma Gwakisa. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuthubutu kulisema: alimwonea mwenzake wivu, na wivu ule ulimkaa kooni asubuhi hata jioni. Mteja akisema asante kwa Tuntufye, Gwakisa alisikia ametukanwa. Mzee akicheka na Tuntufye, Gwakisa alihesabu ni mara ngapi mzee amecheka naye juma lile. Na ile chaki nyekundu, ambayo zamani ilikuwa heshima, sasa aliiona kama aibu. Alijiambia, "Mwenzangu anafunga, anasifiwa. Mimi nimebaki mtu wa kupitapita nyuma yake na kuchora." Hakukumbuka kwamba mweupe hauna nguvu bila mwekundu. Mwenye wivu huwa na macho makali, lakini kilicho mfukoni mwake hakioni.

Watu walikuwa wakinong'ona kwamba mzee amechoka na karibu atamkabidhi mtu ufunguo wa gereji. Ufunguo ule ulining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti chake. Gwakisa aliutazama kila siku. Ndiyo kitu pekee alichokitaka duniani, na alikwisha kuamini kwamba mwingine atakipata.

Ikawa siku ya soko akaja Mama Sekela, mjane aliyeuza ndizi ng'ambo ya mlima, akiendesha pikapu yake kuukuu, nyuma kumejaa mikungu na mbele wameketi wanawake wenzake wawili. Gurudumu la mbele lilikuwa limepata pancha. Akamwita Tuntufye kwa jina. Tuntufye akaziba, akarudisha gurudumu, akazivalisha nati kwa vidole, akazishika kwa spana raundi ya pili. Pikapu ikiwa bado juu ya jeki, Mzee Kibona akamwita kutoka kwenye kiti chake. Wito wa mzee haukawizwi. Tuntufye akaweka chaki yake juu ya sanduku la vifaa, akasema, "Kaka Gwakisa, imebaki raundi ya tatu. Naomba unimalizie." Akaenda.

Gwakisa akasimama pale na spana mkononi. Aliwaona kwa mbali, mzee na Tuntufye, wameinamiana kichwa kwa kichwa. Akaona mzee akinyoosha kidole kwenye ule msumari wenye ufunguo. Akaona Tuntufye akitikisa kichwa kukubali.

Moyo wake ukawa mweusi. "Aliye juu mngoje chini," akanong'ona.

Akaiteremsha pikapu. Gurudumu likakanyaga ardhi. Hapo palihitaji dakika mbili tu na mikono miwili. Lakini Gwakisa hakukaza. Alichukua chaki nyeupe ya mwenzake, akapiga magoti, akachora mistari mitano myeupe, safi, iliyonyooka, kama ambavyo angeichora Tuntufye. Nyekundu hakuigusa, kwa maana hakutaka jina lake liwepo. Akaitia ile nyeupe mfukoni, kando ya nyekundu, akasimama na kusema, "Mama, fundi wako amekwisha maliza. Nenda salama." Naye Mama Sekela, kwa kumwamini fundi wake na kwa haraka ya soko, hakuinama kuutafuta mstari mwekundu.

Msidhani alitaka mtu afe. Wivu mara nyingi haumtakii mtu kifo, unamtakia kuumbuka kidogo tu. Gwakisa aliliona mawazoni gurudumu likianza kulialia kilomita chache mbele, Mama Sekela akirudi amekunja uso, akimwuliza Tuntufye mbele ya watu ni kazi gani hii. Hilo tu. Alijiambia hilo tu. Lakini nati haijui aliyeiacha imelegea alikusudia kiasi gani.

Pikapu ilipopotea kwenye kona, raha aliyoitegemea haikuja. Badala yake alianza kuhesabu njia. Sasa amefika kwenye shule. Sasa amepita msitu wa mikaratusi. Namba ya simu ya Mama Sekela ilikuwa imeandikwa kwa rangi ukutani, pamoja na za wateja wengine wa zamani, na Gwakisa aliisoma hadi akaikariri. Simu ilikuwa mfukoni mwake pamoja na zile chaki. Mara mbili aliitoa. Mara mbili aliirudisha, kwa maana angempigia aseme nini? Kusema kweli kungemweka Tuntufye juu zaidi na yeye chini zaidi, na hilo hakuliweza, hata kwa uhai wa wanawake watatu. Hivyo ndivyo alivyofika mbali siku ile, naye alikuwa hajatoka hata hatua ishirini kutoka kwenye jeki yake.

Saa saba mchana likasimama lori kujaza maji. Dereva akasema, bila kumlenga mtu, "Kule chini ya mlima kuna pikapu ya ndizi imesimama kando. Akina mama wamekaa chini majanini."

Spana ikamponyoka Gwakisa. Akataka kuuliza kama wamekaa au wamelazwa, lakini akainama kuiokota. Lori likaondoka. Alikwenda nyuma ya banda akatapika.

Tuntufye, ambaye hakujua lolote, alimletea maji kwenye kopo. "Pole, kaka. Kapumzike, nitashika zamu yako." Na hata katika saa ile, ndugu zangu, Gwakisa alimchukia kwa wema ule.

Alasiri pikapu ikaingia polepole. Mama Sekela akashuka kwa miguu yake miwili, na wenzake wakashuka. Ndizi zilikuwa bado zimejaa nyuma, maana soko lilikuwa limekwisha kabla hajalifikia. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kibona.

"Shikamoo, baba. Nimerudi kumshukuru fundi wangu," akasema. "Nilisimama pale kijijini kama alivyonifundisha. Nati zote zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Zote tano! Nimezikaza mwenyewe kwa kuvuka, hivi hivi alivyonionyesha, lakini mlima niliuogopa. Nisingesimama, saa hizi mngekuwa mnatutafuta korongoni."

Basi kile Gwakisa alichokipanda ili mwenzake aumbuke kikamwotea mwenzake sifa. Lakini Tuntufye hakufurahia sifa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alichuchumaa mbele ya gurudumu akaiona mistari mitano myeupe, yote imekatika, nusu kwenye nati na nusu kwenye rimu, hazikutani tena. Alijua hakuichora. Akainua macho kumtazama Gwakisa, kisha akayashusha.

Mzee Kibona akaja kwa fimbo yake. Akavaa miwani. Akainama kwa taabu, akapitisha kidole juu ya kila nati.

"Mweupe nauona," akasema. "Gwakisa, chaki yako iko wapi?"

Gwakisa akatia mkono mfukoni. Kwa miaka mingi mkono ule ulikwenda na kurudi na chaki moja. Siku ile ulirudi na mbili. Zilikaa kiganjani mwake, nyekundu na nyeupe, watu wote wakizitazama, na hakuna aliyehitaji kuuliza swali jingine.

Mzee akavua miwani. Alipozungumza hakuinua sauti.

"Asubuhi nilimwita Tuntufye nimwambie kwamba ufunguo ule ni wako. Nilitaka kujua kama ataridhika kufanya kazi chini yako. Alinijibu, 'Mzee, hata sasa nimemwachia kaka gurudumu langu, na sikugeuka kutazama nyuma.'"

Gwakisa akaketi palepale kwenye sakafu yenye oili. Hakulia. Alizitazama zile chaki kama mtu anayesoma barua iliyochelewa miaka mingi. Akaona kwamba nyekundu alipewa kwa sababu yeye ndiye aliyeaminiwa mwisho, baada ya wote. Akaona kwamba kila aliposhika zamu nyuma ya mwenzake alikuwa amesimama mahali pa mwenye gereji. Alikuwa amepewa tayari, na muda wote alikuwa akimwonea kijicho mtu aliyekuwa chini yake.

Mzee akamwamuru asimame. Akampa spana, akamwambia amalize raundi ya tatu aliyoachiwa asubuhi. Gwakisa akakaza mbele ya watu wote, akivuka kutoka nati hadi nati, na jasho likimdondoka puani. Alikaza vizuri. Hakuwa amewahi kukaza vizuri namna ile. Alipomaliza akafuta mistari iliyokatika, akachora mipya kwa chaki nyeupe, kwa maana sasa yeye alikuwa mkono wa kwanza. Kisha akaigeuza chaki nyekundu kiganjani, akainyoosha kwa Tuntufye.

Tuntufye hakuipokea mara moja. Alimtazama mzee, na mzee akainamisha kichwa. Ndipo akaichukua, akajaribu nati zote tano, akachora. Mama Sekela akaondoka na ndizi zake zilizoanza kuiva. Ufunguo ukabaki kwenye msumari, na mauti yalipomfikia mzee ulikuwa bado pale.

Wewe unayesikiliza, uliyeachiwa na mwenzako kazi iliyobakiza raundi moja: una hakika gani kwamba saa hiyo hiyo, huko alikoitwa, hakuwa akilitaja jina lako kwa wema?