Matanga Yaliyokataa Kwisha

Haya, jamani, mpo?

Tupo!

Mmekuja wazima au mmekuja vipande?

Wazima, na njaa juu!

Njaa yenu mtajua wenyewe, mimi nina maneno tu. Palikuwa!

Pakawa!

Hapo kale na kale, wanyama walipokuwa bado wanazikana na kukaa matanga kama sisi, palikuwa na nungunungu mmoja jike, jina lake Sikudhani. Alikuwa na watoto watatu na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Wakati wa mavuno baba yake akafariki, akamwachia nyumba. Na si nyumba ya mchezo! Pango la vyumba vitatu juu ya kilima, mahali ambapo maji ya mvua hupita pembeni yakaenda zake.

Sikudhani mwenyewe alikaa bondeni, kwenye shimo ambalo kila masika hugeuka kisima. Masika yaliyopita mtoto wake mdogo nusura achukuliwe na maji. Kwa hiyo nyumba ile aliitaka, tena aliitaka kabla ya mvua.

Lakini kaka wa marehemu, Baba Mkubwa Makeke, alikuja msibani na mkeka wake, akautandika chumba cha katikati. Waombolezaji wakaondoka, yeye yupo. Majirani wakaondoka, yeye yupo. Hata inzi wakaondoka, yeye yupo.

Na desturi yao ilikuwa hivi: vya marehemu havigawanywi mpaka matanga yaanuliwe, yaani mikeka ya kilio ikunjwe na mkubwa wa ukoo atamke kwamba msiba umekwisha. Mkubwa wa ukoo alikuwa nani? Makeke huyo huyo! Mnayaona mambo?

Sikudhani akapanda kilima.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kwa habari ya nyumba."

Makeke akashika kichwa, akaimba, shavu limejaa kiazi:

Mwanangu, msiba ni mbichi,
matanga hayajaanuliwa!
Sina nguvu, sina macho,
matanga hayajaanuliwa!

Sikudhani akarudi bondeni. Akaja mara ya pili, akaimbiwa. Akaja mara ya tatu, mawingu yameshaanza kukusanyika, akaimbiwa tena. Haya, itikieni na nyie, msikae kama magunia:

Matanga hayajaanuliwa!

Sasa yakamfika shingoni. "Huyu ananifanya mtoto," akasema. "Nakwenda kwa Simba nikashtaki, na liwe liwalo."

Akafika barazani kwa Simba. Karani alikuwa Tumbusi, shingo ndefu, macho mekundu.

"Una shauri gani, Bi Nungunungu?"

"Baba yangu mkubwa amekalia nyumba yangu."

"Shauri jepesi hilo," Tumbusi akasema. "Atakayeshinda atakwenda nyumbani. Atakayeshindwa ataliwa."

"Ataliwa? Hakuna adhabu ndogo?"

"Ipo. Anaanziwa miguuni."

Sikudhani akarudi nyuma hatua moja. Akamkumbuka Baba Mkubwa alivyokuwa akimbeba mgongoni utotoni, miiba inamchoma, na yeye anacheka tu, anataka kubebwa tena. Machozi yakamlengalenga. Nikishtaki napata nyumba, akawaza, lakini nitalalaje humo? Nisiposhtaki, wanangu wanakunywa maji ya mafuriko.

"Niandike au nisiandike?" Tumbusi akauliza, anajilamba.

"Ngoja kwanza," Sikudhani akasema, akaondoka mbio.

Njiani akakutana na Kakakuona. Na nungunungu na kakakuona, msisahau, ni watani. Mmoja kavaa miiba, mwingine kavaa magamba, na kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyevaa vibaya. Mtani ukimkuta msibani kwako anasema atakalo, anakula atakacho, anachukua akionacho, na ukimkasirikia umejivunjia heshima mbele ya ukoo mzima.

"We mfuko wa sindano," Kakakuona akasema, "mbona unalia?"

Sikudhani akamweleza yote, tangu mkeka hadi Tumbusi.

"Subiri," Kakakuona akasema. "Mwenyewe Makeke anasema matanga bado?"

"Anaimba kabisa."

Kakakuona akacheka mpaka akajikunja akawa mpira, akabingirika, akagonga kichuguu, akarudi.

"Basi kama msiba upo, na sisi watani tupo! Tena tuna njaa. Niachie mimi."

"Nakuachia mpaka mvua ya kwanza," Sikudhani akasema. "Ikinyesha wanangu wakiwa bondeni, nakwenda kwa Simba, na nisilaumiwe."

Kesho yake asubuhi kilima kizima kikasikia: "Uuuwi! Uuuwi! Mtani wetu kafa!" Kakakuona na ukoo wake wote, wakubwa kwa wadogo, wanalia kwa nguvu, huku mikono inachimbua viazi vya Makeke. Mtasema kakakuona hali viazi, anakula mchwa. Siku hiyo alikula. Kwani wewe kwenye chakula cha watu huwa unachagua?

"Jamani, viazi vyangu!" Makeke akasema.

"Pole kwa msiba!" wakamjibu.

Siku ya pili wakaja tena. Wakachukua mkeka wake, wakautandika nje, mmoja akalala juu yake akajifanya Makeke: "Sina nguvu, sina macho, nipeni kiazi kingine!" Ukoo wa nungunungu na majirani wakaja kutazama, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Makeke miiba ikamsimama, tii!

"Makeke!" Shangazi yake Sikudhani, dada wa Makeke, akamkemea. "Unamkasirikia mtani?"

Miiba ikalala.

Siku ya tatu Kakakuona mwenyewe akaja, akajikunja mlangoni, akaziba njia. Makeke yumo ndani, kutoka hawezi.

"Toka hapo!"

"Siwezi. Nimekufa kwa huzuni. Leteni viazi vilivyobaki nifufuke."

"Vimekwisha! Mmekula vyote!"

"Basi nazikwa papa hapa. Na wanangu watakuja kunililia kila siku, maana matanga..."

"Hayajaanuliwa!" ukoo mzima ukaitikia.

Makeke akashindwa. "Yameanuliwa!" akapiga kelele. "Nasema yameanuliwa! Kunjeni mikeka, msiba umekwisha!"

Kakakuona akafumbua jicho moja. "Mmemsikia, jamani?"

"Tumemsikia!"

"Na matanga yakianuliwa," Shangazi akauliza, "kinachofuata nini?"

"Kugawa!" wakasema wote, na nyumba ikatamkwa kuwa ya Sikudhani, mchana kweupe.

Makeke akatoka, anatazama chini. "Kwangu kunavuja," akasema polepole. "Tangu mwaka juzi. Niliona aibu kusema, mkubwa mzima sina pa kulala pakavu."

Sikudhani akamtazama, hasira na huruma vinagombana kifuani. "Baba Mkubwa! Si ungesema? Wanangu wangekufa maji kwa aibu yako!"

"Nisamehe, mwanangu."

Akamsamehe, lakini nyumba hakumwachia hata ukumbi. Aliwageukia watani: "Nyie mliokula viazi, kucha mnazo. Twende kwake tukachimbe!" Nungunungu wakachimba, kakakuona wakachimba, matusi ya utani yanaruka huku na huku, na kabla jua halijatua pango la Makeke lilikuwa limechimbwa upya, kavu, tena lina mfereji.

Jioni ile ile mvua ikashuka. Ikapiga, ikapiga, bonde likajaa. Na watoto watatu wa Sikudhani wakawa wamekaa mlangoni mwa nyumba ya babu yao, juu ya kilima, wanaichezea mvua kwa vidole.

Basi sikilizeni. Haki yako idai, wala usione haya kwa kuwa aliyeikalia ni ndugu yako. Lakini kabla hujampelekea shauri anayekula watu, mtafute kwanza anayewachekesha. Sikudhani alitaka nyumba, na alitaka awe na baba mkubwa wa kumkaribisha ndani yake. Akapata vyote viwili.

Nami nilikuwepo, nikapewa kiazi kimoja niwaletee. Njia ilikuwa ndefu, nikakila. Anayetaka kushtaki, Tumbusi yule pale.

Nimetua mzigo!

Tumeupokea!