Kamba ya Kivuli cha Hiza

Hapo zamani, na si zamani ya wafalme bali zamani ya redio za betri, palikuwa na mji uitwao Kimangeni, mji wa mashamba ya mkonge, na mji huo ulikuwa na timu ya mpira. Nyamazeni nyie mnaocheka. Mmezoea hadithi za majini na mabinti wa sultani, mkadhani mpira hauna hadithi. Leo mtaona.

Timu iliitwa Nyota ya Katani. Watu wa Kimangeni hawakuwa na mlima wa kujivunia wala mto wa kujisifia, hata soko lao lilikuwa la siku moja kwa juma. Walikuwa na Nyota. Mke akijifungua Jumamosi alasiri, baba aliambiwa baada ya mechi. Ndivyo walivyokuwa.

Na walikuwa na mila yao. Kijana mzaliwa wa Kimangeni akivaa jezi kwa mara ya kwanza, alisimamishwa langoni, jua la alasiri likimpiga mgongoni. Msokota kamba wa mji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukaripia aitwaye Bi Semeni, alilaza kamba mbichi ya katani juu ya kivuli chake kutoka kisigino mpaka utosi, akaikata hapo hapo, akaifukia chini ya mstari wa goli. Waliiita kamba ya kivuli. Walisema, "Aliyefukiwa kamba hapa hauziki." Waliwafunga vijana wao kwa mapenzi, kama mtu anavyomfunga mbuzi wake mzuri asipotee. Mbuzi hakuulizwa.

Wachezaji wa kuja hawakupimwa. Wazaliwa walipostaafu, kamba zao zilioza taratibu ardhini, nao wakazeeka majumbani mwao salama. Mwishowe akabaki mzaliwa mmoja tu kikosini, kipa, kijana mrefu mpole jina lake Hiza.

Siku moja mwenye timu akaja, akasimama katikati ya uwanja na miwani yake ya jua, akasema, "Ndugu zangu, Nyota inahamia Ulembo. Ule ni mji mkubwa, una uwanja wenye viti. Itaitwa Ulembo Siti."

Mhina, mpiga baragumu wa timu, mtu mwenye hasira za karibu, akamuuliza, "Na sisi tunahamia wapi?"

Mwenye timu akageuka, akaenda zake.

Basi, wasikilizaji wangu, mji ulichafuka. Kuna waliochoma jezi. Kuna waliolala barabarani mbele ya basi la timu mpaka wakabebwa juu juu. Wanawake walitandika mikeka pale uwanjani wakaweka matanga, matanga kamili, na kahawa chungu, na watu wakija wanapeana mikono wakisema poleni. Mgeni aliyepita akauliza nani amefariki. Akaambiwa, "Bado anapumua, lakini anachukuliwa."

Hiza hakutaka kwenda. Lakini alikuwa mchezaji, na mchezaji hula kwa miguu na mikono yake. Akapanda basi huku ameinamisha kichwa.

Mhina alikuwa na dada wa tumbo moja, Mwantumu, muuza kahawa na kashata uwanjani. Watu wakamwona anafunga birika zake.

"Mwantumu," Mhina akasema, "ukilifuata basi lile usirudi kwangu."

"Kaka, huyu kijana hana mtu kule. Mimi nashangilia watu, sishangilii nyasi."

"Na mimi nashangilia nyasi, maana nyasi hazipandi basi!"

Dada akaenda. Kaka akabaki.

Jumamosi ya kwanza, Mhina akachukua redio yake na baragumu lake akaenda uwanjani peke yake, kwa mazoea tu, kama mjane anavyopakua wali wa watu wawili. Uwanja mtupu. Magoli hayana nyavu, zilikwenda na basi. Akafungua redio. Mtangazaji akasema timu zinaingia uwanjani kule Ulembo. Mhina akainua macho, akaona kivuli langoni.

Kivuli kirefu, kimetanua mikono. Hapakuwa na mtu.

Alidhani ni wingu. Wingu halipigi makofi kuita mabeki. Kivuli kikasogea kushoto, kikasogea kulia, kikainama, kisha kikajirusha pembeni kikakumbatia kitu ambacho Mhina hakukiona. Na wakati ule ule redio ikapiga kelele, "Gooooli! Hiza kachelewa! Ulembo Siti wamefungwa!"

Mhina akaitazama redio, akakitazama kivuli. Halafu, Mungu amsamehe, akafurahi. Akapuliza baragumu mpaka watu wakatoka majumbani.

Kuanzia hapo kila Jumamosi Kimangeni ilijaa tena. Walikaa wakatazama kivuli kikidaka. Kikidaka huku, Hiza anafungwa kule. Kikidaka huku, Hiza anafungwa kule. Watu wakacheka mpaka machozi. "Mwenye timu kachukua kopo, maziwa yamebaki!" Hakuna aliyekumbuka kwamba lile kopo lina jina, na lina mama yake.

Kule Ulembo, Mwantumu alikuwa nyuma ya goli na birika zake. Jua la alasiri lililaza vivuli vya wachezaji wote juu ya majani, mabeki, refa, hata mlingoti wa bendera ya kona. Chini ya miguu ya Hiza palikuwa peupe.

"Dada Mwantumu," Hiza akamwambia, "nauona mpira. Mkono nauambia nenda, nao unakwenda, lakini kuna kitu kinabaki nyuma. Nikila sishibi. Nikikaa juani nasikia baridi."

Mwantumu akaogopa. Watu wa Ulembo wakijua, watasema mchawi. Watu wa Kimangeni wakijua, watasema yamempata. Akanyamaza. Akajifanya kumpenda sana, akawa anatembea naye ubavu kwa ubavu kila mahali, ili kivuli chake kionekane cha wawili. Siku ya mechi alisimama karibu na nguzo ya goli akiwa na mwavuli mkubwa, kivuli cha mwavuli kikamfunika kijana miguuni. Akanyamaza hivyo msimu karibu wote, na kijana akazidi kukonda.

Huku Kimangeni watu walianza kuchoka. Hata ajabu huzoeleka. Ikafika Jumamosi ya mawingu mazito, mvua ya manyunyu, hakuna aliyekwenda uwanjani. Mhina mwenyewe alikuwa kitandani na homa. Redio ikamwambia, "Mchezo umesimama. Kipa wa Ulembo ameanguka, haamki."

Mhina akatoka na shuka lake. Jua halikuwapo siku ile, lakini kivuli kilikuwapo, kimelala kifudifudi kwenye mstari wa goli, kimeanza kuwa chepesi kama madoa ya chai yaliyofuliwa. Akapuliza baragumu. Akapuliza mpaka midomo ikachanika. Akaita, "Hiza! Hiza wa Kimangeni! Inuka baba!" Kivuli kikapiga magoti. Na redio ikasema, "Ameinuka."

Tangu siku hiyo Mhina hakukosa. Shamba lake lilimea magugu. Binti yake aliolewa Jumamosi, yeye alikuwa uwanjani akikishangilia kivuli.

Mwantumu naye, alipoona kijana anaanguka, akavunja kimya chake. Akarudi Kimangeni. Milango ikafungwa mbele yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa Bi Semeni.

"Ifukue kamba," akasema. "Mtoto anakwisha."

Bi Semeni akaacha kusokota. "Unalijua sharti lake? Shimo la kivuli halikai tupu. Anayefukua huacha chake."

"Nalijua."

"Na kwa nini usifukue wewe?"

Mwantumu akatazama chini. "Naogopa, Bi Semeni."

Wakaenda uwanjani wote wawili. Mhina akasimama juu ya mstari wa goli, miguu kaitanua. "Mkimtoa huyu, Kimangeni itabaki na nini?"

"Itabaki na adabu," Bi Semeni akasema. "Toka hapo. Niliifukia mimi, wewe hukunishikia hata jembe."

Akamsukuma, akachimba. Kamba ikatoka ardhini mbichi, yenye uvuguvugu, kama imesokotwa asubuhi ile. Kivuli kikasimama. Kikavuka uwanja, kikapita langoni, kikashika barabara ya Ulembo, na kila mtu kiliyempita miguuni alisikia ubaridi ukipanda mpaka magotini. Bi Semeni akatoka shimoni, akajipangusa udongo. Kivuli chake hakikutoka. Kilibaki golini, kinene, kimesimama wima, ncha ya khanga ikipepea, na upepo haukuwapo.

Mwantumu akaipeleka kamba Ulembo, Hiza akajifunga kiunoni. Kivuli kikafika. Kijana akala, akashiba. Jumamosi ile akadaka kila kitu, na watu wa Ulembo wakasimama juu ya viti vyao.

Hadithi ingekuwa imeishia hapo, ningekwenda zangu kulala. Lakini katani iliyotoka ardhini hukauka. Kamba ikaanza kufumuka, uzi mmoja mmoja. Na Bi Semeni naye akaanza kupungua. Sauti yake ya kukaripia ikawa mnong'ono. Kuku hawakumkimbia tena. Alikaa juani mchana kutwa akitetemeka, na watoto wakawa wanapita mbele yake bila kumwamkia, maana hawakumwona vizuri.

Hiza akasikia, akarudi Kimangeni. Basi la timu likamsubiri nje ya uwanja, injini inanguruma. Akasimama kwenye lile goli lisilo na nyavu, kamba mkononi, na mbele yake wakasimama watu watatu, Mhina, Mwantumu na Bi Semeni.

"Kamba imebaki na uzi mmoja," akasema. "Ikikatika kabla ya kufukiwa, kivuli changu hakitakuwa na pa kukaa, nami nitaondoka nacho. Mmeniokoa nyote, siwezi kupima wema wa nani ni mkubwa. Nitampa mmoja wenu. Atakachoifanyia, hicho ndicho kitakuwa maisha yangu. Kila mmoja aseme lake."

Mhina akasema, "Nipe mimi. Mimi ndiye niliyekupulizia pumzi, wote walipokuacha. Nitaifukia hapa ulipozaliwa. Ukifukiwa hapa, kivuli cha Bi Semeni kitatoka, naye atapona."

"Na nitacheza na nani?" Hiza akauliza. "Timu imehama."

"Utakuwa nyumbani."

Mwantumu akasema, "Huyo huyo alikushangilia ulipokuwa unafungwa! Kila alipopuliza, ulikuwa unavutwa. Nipe mimi. Mimi niliacha nyumba, nikatukanwa na ndugu yangu, nikakuazima kivuli changu mwenyewe. Nitaifukia Ulembo, udake mpaka uzeeke, ulishe mama yako."

"Na Bi Semeni?"

Machozi yakamtoka Mwantumu, na nadhani yalikuwa ya kweli.

"Msimu mzima ulijua, dada," Mhina akamwambia, "ukanyamaza."

Ndipo Bi Semeni akasema, na iliwabidi wote wasogee ili wamsikie. "Mimi nilikufunga, mwanangu, bila kukuuliza. Hilo ndilo kosa langu, na wengine wote wamekosea juu yake. Nimelilipia. Nipe mimi, nitaitia motoni. Asifungwe mtu tena kwa kamba, si hapa, si Ulembo."

"Ikichomwa, nitakuwaje?"

"Huenda ukawa huru. Huenda ukawa moshi. Sijui, mwanangu. Haijapata kuchomwa."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki humo golini. Nimeshapazoea." Akajaribu kucheka.

Nje dereva akapiga honi. Mhina akashika baragumu lake asilipulize. Mwantumu akanyoosha mkono. Na kile kivuli kinene golini kikasogea upande taratibu, kama mtu anayempisha mwenziwe kwenye mkeka, kikaacha nafasi ya mmoja.

Hiza akawatazama. Uzi wa kamba ukalia, ti!

Mimi nimefika hapo, sina zaidi. Nimeisimulia hadithi hii miji mingi, na kila mji hugombana mpaka chai inapoa. Basi tazameni kwanza miguuni penu, mhakikishe mna haki ya kusema, kisha mnijibu. Yule aliyebaki akaita, yule aliyemfuata akaficha, na yule aliyefunga akafukua: je, kamba ile, nani aliistahili?