Mlango Aliokabidhiwa Salha

Palikuwa na fundi cherehani mjini Voi, mwanamke aliyeitwa Salha. Jina hilo alijipa mwenyewe akiwa na miaka ishirini na sita, kwa maana alizaliwa akahesabiwa mvulana, na jina la kwanza halikuwahi kumkaa. Alikuwa ametumia unga wa kulevya miaka tisa. Alipotaka kuacha alikwenda kwenye kituo kimoja cha tiba, wakamwambia aketi upande wa wanaume na aitikie jina lililo kwenye kitambulisho. Siku ya pili akaondoka. Unga akaja kuuacha akiwa chumbani mwake, akizungumza kila siku kwa simu na mtu mmoja wa Taveta, Mwakio, mwanamume ambaye naye alizaliwa akahesabiwa msichana, na ambaye wakati huo alikuwa akipambana kuacha pombe.

Kwa hao wawili kikazaliwa kikundi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi watu kumi na mmoja, wote wa namna yao, walikutana kwenye simu wakaonana nyuso. Hakuna daktari wala mhubiri aliyewaongoza. Aliyetangulia alimsaidia anayefuata. Kila mmoja alitaja jina alilojichagulia na siku alizokaa bila kutumia. Aliyeanguka alirudi akataja siku ya kwanza, na hakuna aliyeguna. Na kwa kuwa walikuwa wamezoea kutukanwa na wapita njia, mlango wao waliufunga: mtu haingii mpaka akubaliwe. Mlango huo akakabidhiwa Salha. Aliushika miaka mitatu, na aliushika vizuri.

Kisha akaja Kadzo, mwanamke wa Mariakani, mpishi wa mkahawani. Aliingia akiwa na siku kumi na mbili tu. Alisimulia jinsi alivyouza sufuria ya mwajiri wake apate unga, kisha akarudi kuuliza kwa nini wali haujapikwa, na watu ambao miezi mizima hawakuwa wamecheka walicheka mpaka wakafuta macho. Wakaanza kumpigia simu katikati ya wiki. Mwakio, bila nia mbaya, akamwambia Salha kwamba kiu ilimshika Jumatano mchana, akampigia Kadzo, ikapita.

"Mbona hukunipigia mimi?" Salha akauliza.

"Wewe ungenipa ushauri," Mwakio akasema. "Mimi nilitaka mtu wa kupiga naye soga tu."

Salha alicheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kuanzia hapo akawa anamwangalia Kadzo kuliko alivyowasikiliza wengine. Aliona ni nani aliyetabasamu Kadzo alipowasha simu, na ni nani aliyekaa kimya zamu yake yeye Salha ilipofika. Akajiambia kwamba mtu wa juzi hapaswi kushauri watu wa miaka mitatu, kwamba kikundi kitageuka kijiwe, kwamba yeye anatetea utaratibu tu. Alikuwa na majina mengi ya jambo lile, ila lile la kweli hakulitaja.

Alhamisi moja, akiwa kwenye cherehani, ujumbe ukaja kutoka namba asiyoijua. "Dada Salha, ni mimi Kadzo. Simu yangu imeibwa, na namba zote zimekwenda nayo. Yako tu ndiyo niliyokuwa nimeiandika ukutani. Leo ni siku ya sitini na nne na mikono inanitetemeka. Naomba unifungulie." Chini yake palikuwa na ombi la kuingia. Kulikubali ni kugusa kioo mara moja.

Salha akaigeuza simu kifudifudi, akaifunika kwa kitambaa alichokuwa akikishona. Akajiambia atafungua jioni. Jioni akajiambia kesho.

Jumamosi wakakutana kumi na mmoja kama zamani. Wakauliza, Kadzo yuko wapi? Salha akajibu kwa upole, "Wengine hufika, wakachoka, wakaondoka. Tumwombee." Basi saa ya kikundi ikarudi kuwa yake. Lakini saa ile haikuwa na utamu. Kila mtu alitaja siku zake kwa haraka, wakarudi kuuliza ni nani anayejua kwa Kadzo, na walipoagana hakuna aliyebaki kuzungumza naye.

Jumanne simu ilikuwa tena chini ya kitambaa; akakiinua achukue mkasi, na kumbe mkono wake umekwenda moja kwa moja kwenye simu, kuona kama ujumbe ule bado upo na kama kuna mtu mwingine aliyeuona. Hapo akasimama. Mkono ule aliujua. Ndivyo ulivyokuwa ukienda chini ya godoro miaka ile, kuhakikisha kwamba kifurushi kipo na kwamba hakuna aliyekiona. Na ule upole aliowadanganya nao wenzake ndio uleule aliokuwa akimdanganya nao mama yake. Siku elfu moja na mia tatu hakugusa unga, na siku tano hizi alikuwa amelewa.

Akagusa kioo, akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Akapiga ile namba. Akapokea mwanamke mmoja msusi, jirani wa Kadzo, mwenye simu. "Alingoja Jumamosi yote hapa kibarazani kwangu, simu mkononi," msusi akasema. "Saa kumi akanirudishia, akaenda. Tulimkuta Jumapili alfajiri ameanguka bafuni. Yu hai. Hali chakula."

Jumamosi iliyofuata Kadzo aliingia kwa simu ya msusi, uso umemnywea. Ilipofika zamu ya Salha, hakutaja siku zake. Alitaja ombi, kitambaa, na uongo. Alieleza kwamba alimwonea wivu Kadzo tangu siku ile ya sufuria. Kisha akamwambia Mwakio achukue mlango yeye, akanyoosha kidole azime simu.

Kadzo ndiye aliyemzuia.

"Leo ni siku yangu ya sita. Kukusamehe bado siwezi. Lakini ukizima simu hiyo utakwenda wapi? Kaa."

Salha akakaa. Hakupewa tena mlango, wala hakuuomba. Miezi mingi Kadzo hakumpigia simu, na kila alipowachekesha wengine, Salha alisikia kitu kikimchoma palepale pa zamani. Siku hizo akawa anasema, "Leo kimenishika," nao wakamsikiliza kama walivyomsikiliza mtu wa unga na mtu wa pombe.

Ninyi mnaonisikiliza, mmesikia kwamba Salha na Kadzo wote wawili walianguka. Niambieni basi: nani alianza?