Nukta Isiyotoboa Karatasi

Barua ni ya karani, nukta ni ya mwenyewe. Mmeniuliza ilikotoka huku mnacheka. Haya, methali hii ilianza hivi, na kicheko hamna ndani yake.

Reli ilipokuwa ikijengwa katika nyika ya Taru, wajenzi waliotoka Bara Hindi walikuwa na mwandishi wao wa barua, Shivlal. Maandishi ya Kihindi huning'inia chini ya mstari kama nguo kambani, na juu na chini yake hutiwa nukta. Shivlal aliandika yote, ila nukta ya mwisho alimwachia mwenye barua aitie kwa mkono wake, ili nyumbani wajue yu hai.

Ramdin, mvunja mawe, mkono wake ulizoea nyundo. Kila alipotia nukta, kalamu ilitoboa karatasi. Kule nyumbani, mkewe Phulmati hakujua kusoma. Alisomewa na jirani, kisha akalipapasa lile tundu, moyo ukatulia.

Homa ikamuua Ramdin. Rafiki yake Jokhu akamwendea karani.

"Ndugu yangu, mkewe ana mimba. Andika kana kwamba yupo, mpaka ajifungue."

"Na nukta?"

"Tia wewe."

Shivlal akaitia, nukta safi ya mwandishi. Mtoto akazaliwa, wa kiume. Kila mwezi ukweli ukazidi kuwa mgumu kusemwa, nao wakaendelea kuandika. Wao waliiita huruma. Mimi naiita uoga, na siwasamehe.

Mwaka ulipopita, ikaja barua ya Phulmati, kwa mkono wa jirani. "Barua zenu hazina tundu. Nilijua tangu ya kwanza, nikangoja mniambie. Sasa nitajieni siku aliyokufa, ili kila mwaka ikifika mwanangu amfanyie baba yake ibada ya wafu."

Hakuna aliyeikumbuka siku ile. Hawakuiandika popote, maana walikuwa na kazi ya kumwandika mzima.

"Taja siku yoyote," Jokhu akanong'ona.

"Nukta yake nimekwisha kumtilia," akasema Shivlal. "Na kifo chake nimtungie?"

Akaandika kwamba hawajui. Kisha akamsukumia Jokhu kalamu. "Barua hii ni yako." Jokhu aliishika muda mrefu kabla ya kuitia ile nukta, naye alikuwa akilia.

Mtoto yule akakua, akazeeka, bila siku ya kumwombea baba yake. Basi mtu akitaka kuwasemea wengine kwa wema, mwambieni: barua ni ya karani, nukta ni ya mwenyewe.